Kliniki zilikuwa wazi, njia je?

Kafyu ya korona ilipoanza Kenya tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, hakuna aliyefunga wodi ya uzazi. Watetezi wa serikali huanzia hapo, na wana hoja: Linda Mama, mpango wa serikali wa uzazi bila malipo, iliendelea kugharamia uzazi, na dharura ya kiafya iliruhusiwa usiku. Hata woga wa kliniki ulikuwa na sababu. Wajawazito waliobanana kwenye benchi moja, kabla ya chanjo, wangeambukizana tu.

Lakini uchungu hauangalii saa. Umshike binti wa miaka 16 mtaani Mathare, Nairobi, saa nne usiku: matatu hakuna, wa bodaboda anaogopa kutoka, simu ni ya mama na haina salio. Ruhusa ipo kwenye karatasi. Barabarani anayeamua ni polisi mwenye rungu. Ndiyo maana daktari Jemimah Kariuki alianzisha Wheels for Life: mjamzito alipiga 1195 bila malipo, akasikilizwa na daktari, na ikibidi akatumiwa gari. Kama njia ingekuwa wazi kweli, huduma hiyo ingekuwa ya nini?

Simu yenyewe nisiisifu kupita kiasi. Kwa msichana ina faida ambayo sisi watu wazima huisahau: hakutani na jirani kwenye foleni, wala nesi hamuulizi kwa sauti, "Baba ya mtoto yuko wapi?" Ila simu haipimi presha, wala damu, wala mkojo. Na kifafa cha mimba, ambacho kwa kawaida hutanguliwa na presha kupanda, huwaandama zaidi mabinti wa umri huo kuliko wanawake wa miaka ishirini na kitu. Kati ya aibu na presha isiyopimwa, mimi naogopa presha.

Juni mwaka huo kukazuka kelele za kaunti ya Machakos, wasichana karibu 4,000 wajawazito. Wengine wakaipinga takwimu, maana ilihesabu hadi wa miaka 19. Tukabishana wiki nzima juu ya maadili na nani alaumiwe. Nani angewasaidia kujifungua, hilo halikupata nafasi.

Januari 2021 shule zikafunguliwa zote, na mwongozo wa Wizara ya Elimu unamruhusu aliyejifungua arudi darasani. Vizuri. Sasa kitabu cha kliniki kinasema mtoto ametimiza miezi tisa, chanjo ya surua ni Jumanne asubuhi, na Jumanne asubuhi mama yake ana hesabu.