Bima kubwa ikatwe gari ikiwa bado bandarini

Mtu wa Dar anayesubiri gari yake kutoka Japani anajua kila kitu: meli imefika wapi, TRA wanataka ushuru kiasi gani, wakala wa forodha anadai ngapi. Muulize bima kubwa, ile inayotengeneza mpaka gari yako mwenyewe, atakujibu, "Ngoja kwanza itoke namba." Mimi siafiki.

Kabla ya kupewa namba, gari inajulikana kwa namba ya chesesi, ile iliyogongwa kiwandani kwenye gari yenyewe, na bima inaweza kukatwa kwa hiyohiyo. Namba ya usajili ikitoka, unawapelekea kampuni waiingize. Ila chesesi isome kwenye gari yenyewe na uilinganishe na hati, kisha bima ikishakatwa, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu yako. Herufi moja ikikosewa, siku ya kudai fidia utazungushwa mpaka ujute.

Wengine hujiliwaza na ile CIF kwenye ankara, yaani bei yenye gari, bima na nauli ya meli. Kweli, bima imo, lakini ni ya mzigo wa baharini, tena muuzaji halazimiki kukata zaidi ya ile ya kiwango cha chini: mambo ya meli kuzama au kuungua. Taa ikinyofolewa, shauri yako. Barabarani ndiyo haikufuati kabisa.

Na barabarani ndiko kwenye balaa. Gari imekaa melini wiki kadhaa, breki hujazijaribu, tairi hujui zina umri gani, halafu anayeishika ni kijana wa wakala anayewahi kwenda kutoa nyingine. Anatoka nayo Kurasini, anaingia Mandela katikati ya malori ya makontena, bodaboda kulia na kushoto, mpaka Ubungo. Leseni yake umeiona? Kampuni ya bima wataiulizia.

Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 100,000 kabla ya VAT. Sheria inaridhika na hiyo, lakini inamlipa uliyemgonga. Gari yako utaitengeneza mwenyewe. Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, yaani gari ya milioni 20 ni 700,000 kabla ya VAT. Inauma, hasa ukiwa ndiyo kwanza umemalizana na TRA. Lakini kama utaikata wiki ijayo, kwa nini isianze siku gari inapotoka getini?

Thamani nayo usiandike bei ya Japani peke yake. Jumlisha na ushuru. Gari ikiharibika kabisa, hutalipwa zaidi ya kile ulichoandika, na mamilioni uliyoyaacha TRA hayarudi.