Ndege wa Pemba asikatwe mpaka akawa ndege wa popote

Ukipitia picha za ndege zinazopigwa Unguja na Pemba siku hizi, nyingi ni kichwa, jicho na mdomo. Manyoya yanahesabika moja moja, lakini mkoko haupo, tope halipo, maji hayapo. Mtazamaji hawezi kujua kama ndege yule alikuwa kwenye msitu wa Ngezi, Pemba, au kwenye tundu la bustani ya wanyama huko Ulaya. Kwangu hii ni hasara kubwa, na kwa Pemba ni zaidi, kwa sababu kisiwa kile kina ndege wanne wasiopatikana kwengine kokote duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na yule kidege wa manjano mwenye pete nyeupe machoni. Kiumbe ambaye makazi yake yote ni kisiwa kimoja anastahili kuonekana pamoja na kisiwa chake.

Picha hizo zimekatwa, yaani pembezoni mwake pameondolewa kwenye kompyuta ili ndege aonekane mkubwa. Wengi hawakati picha kwa kupenda. Wanakata kwa sababu walisimama mbali, wakajiambia kompyuta itasaidia. Msaada huo una bei. Kamera ya megapikseli 24, yaani pikseli (nukta za picha) milioni 24, inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukikata nusu ya upana na nusu ya urefu unabaki na 3000 kwa 2000, yaani megapikseli 6, robo tu ya ulichokuwa nacho. Ukiichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi unapata karatasi ya inchi 10 kwa 6.7, basi. Chengachenga, zile nukta za uchafu kwenye picha za mwanga hafifu, nazo zinakuzwa: picha ya ISO 3200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) iliyokatwa hivyo na kuonyeshwa kwa ukubwa ule ule inafanana na ya ISO 12800. Ndani ya msitu wa Jozani, Unguja, ambako kivuli cha miti kinakulazimisha kupandisha ISO tangu mwanzo, hapo ndipo manyoya yanapogeuka uji. Hata mtikisiko wa mkono unakua. Lenzi ya milimita 400 inayoshikika kwa kasi ya 1/500 ya sekunde, ukishajua utakata nusu, ihesabu kama ya milimita 800 na upige kwa 1/1000 au zaidi.

Na kuna kitu ambacho kukata hakukirekebishi hata kidogo: pembe ya kupigia. Ukipiga umesimama, nyuma ya ndege kuna tope tu, lililo karibu naye, na kila kijiti na kombe vinaonekana wazi. Ukilala kifudifudi, kamera ikiwa shubiri moja juu ya ardhi, nyuma yake panakuja mstari wa mikoko ulio mbali, uliolainika kuwa rangi ya kijani. Ndege ni yule yule na lenzi ni ile ile. Chukua kipande cha turubai cha kulalia na mfuko wa plastiki wa kuifunika kamera, kwani tope la chumvi likiingia kwenye pete ya lenzi halitoki kirahisi.

Sasa, kumkaribia ndege bila kumfukuza. Hapa mvuvi anajua zaidi ya muuza kamera. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, kwetu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Wapigapicha wengi wanakwenda ghuba ya Chwaka, Unguja, saa nne asubuhi kwa sababu tope lote liko wazi. Ndiyo, liko wazi, na ndege wametawanyika humo mpaka mbali kabisa, jua liko juu, na joto linapanda kutoka ardhini likiitikisa hewa kiasi kwamba hakuna lenzi itakayokupa picha kali. Nenda jioni ya bamvua hiyo hiyo, kuanzia saa kumi na moja. Maji yameanza kutoka, ukanda wa kwanza wa tope umefunuka karibu na ufukwe, na ndege waliokuwa wamekaa na njaa wakati wa maji makubwa wanashuka hapo hapo kula. Fika wewe kwanza, lala, tulia, watakuja wenyewe. Kwa kuwa Chwaka iko upande wa mashariki, jua la jioni linakuwa mgongoni mwako na linamwangaza ndege usoni. Alfajiri maji nayo yanatoka, lakini jua linachomoza mbele yako, kwa hiyo panga kupata umbo jeusi juu ya maji ya dhahabu, usitafute rangi za manyoya. Msimu mzuri ni kuanzia Septemba hadi Aprili, ndege wageni wa kaskazini wanapokuwa pwani zetu.

Usichelewe, kwani kwetu jua linazama karibu wima. Mwanga mzuri wa mwisho ni kama nusu saa tu.

Ukishakuwa karibu, mwachie ndege wasaa ndani ya picha. Yangeyange anayetembea mwachie nafasi mbele ya mdomo kubwa kuliko iliyo nyuma ya mkia. Anayeruka mwachie zaidi, maana ncha za mabawa hukatika kabla hujajua. Kivuli chake kwenye maji kitie chote au kitoe chote. Kivuli kilichokatwa shingoni kinamsumbua mtazamaji hata asipojua kwa nini. Miguu vivyo hivyo: kata juu kabisa ya goti au iache mpaka kwenye tope, usikate kwenye vidole. Mimi napendelea ndege achukue sehemu ya sita au ya nane ya fremu, si zaidi, ili mizizi ya mkandaa na alama za maji kwenye shina zibaki. Alama hizo zinaeleza maisha ya ndege yule kuliko unyoya wake wa shingo.

Kwenye mandhari kosa linalotawala ni bahari iliyopinda. Kuinyoosha kwenye programu ni kukata pia. Ukizungusha picha ya 3:2 (upana tatu kwa urefu mbili) kwa nyuzi 2 na kubakisha umbo lake unapoteza karibu asilimia 10 ya pikseli. Kwa nyuzi 3 karibu asilimia 14, na kinachokwenda ni pembe, ambako ndiko ulikoiweka ncha ya tanga au kuti la mnazi. Washa mistari ya gridi kwenye kioo cha kamera na uulaze mstari wa bahari kabla ya kubonyeza. Ngalawa inayokwenda ielekee ndani ya picha. Mstari wa bahari usipite kwenye tanga mahali linapokutana na mtu aliyekaa. Piga magoti au panda ngazi moja, utaona vinaachana. Mnazi uonyeshe kilele chake chote au ubakishe shina peke yake. Nusu ya makuti inaonekana kama bahati mbaya, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Wenye simu, kuvuta picha kwa vidole viwili kupita uwezo wa lenzi ni kukata tu, tena simu inakukatia bila kukubakishia kilichotupwa. Bora upige pana ukate baadaye.

Picha ya kuweka mtandaoni kwa kusimama, umbo la 4:5, inachukua pikseli 3200 tu za upana kati ya 6000 ulizonazo, karibu nusu inakwenda. Kwa hiyo ukijua picha ni ya huko, igeuze kamera isimame tangu ufukweni. Na unapokata, kata nakala. Faili la asili libaki zima, na ile mikoko yake pembeni.