Bajeti ndogo na naitrasi: lipia vipimo kabla ya vipuri

Mtu akishaamua kufunga naitrasi (gesi ya mtungi inayoongeza nguvu za injini) kwenye gari lake, kitu cha kwanza anachotafuta ni pistoni. Pistoni za fojidi (zilizofuliwa), konrodi nene (mikono inayounga pistoni na kranki), kamshafti ya mashindano, halafu ndipo anakumbuka mtungi. Hesabu ikimshinda anatangaza kwamba mambo haya ni ya wenye hela. Mimi nabisha. Injini ya naitrasi kwa bajeti inawezekana kabisa, ila fedha zinatakiwa ziende mahali ambapo hakuna atakayepaona ukifungua boneti: kwa fundi wa kuchonga, kwenye vifaa vya kupimia, kwenye pampu ya mafuta na nyaya zake. Vipuri vinavyong'aa vije mwisho, na vingine visije kabisa.

Anza kwa kutaja namba. "Nataka naitrasi" bado si mpango. Nyongeza ya nguvu za farasi 50 hivi kwenye injini nzima ya silinda nne ni mzigo ambao injini nyingi za kiwandani huubeba bila hata kufunguliwa, mradi mafuta na moto viko sawa. Farasi 100 kwenye injini hiyohiyo ni habari nyingine, na 150 unazungumzia injini nyingine. Asiye na namba hununua nusunusu: pistoni za farasi 200, pampu ya 100, gasketi ya kiwandani, kisha anashangaa injini imenoki kwa sababu ya kile kilichokuwa dhaifu kuliko vyote.

Na kabla ya kulegeza bolti ya kwanza, pima kompresheni, kisha ujaze kila silinda hewa ya kompresa pistoni ikiwa juu kabisa na vali zake zimefungwa, na usikilize inavuja wapi. Ukisikia hewa kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimechoka. Ukiisikia kwenye ekzosi, ni vali. Povu kwenye radieta, ni gasketi ya hedi au ufa. Silinda zote zikiwa na afya na zikikaribiana, na namba uliyoitaja ni ndogo, basi kuifungua ni kutafuta matatizo. Injini nzima iliyofungwa kiwandani ni bora kuliko ovaholi ya haraka haraka. Najua ushauri huu haumfurahishi fundi aliyekwisha kuandaa meza.

Tuseme imechoka, au namba ni kubwa. Hapo inabidi kuelewa kitu hiki kinauaje injini. Wengi bado wanaamini naitrasi ni mafuta yanayowaka. Haiwaki. Ni gesi ya nitrojeni na oksijeni zilizoungana ambayo, ikipata joto la kama nyuzi 300 ndani ya silinda, huvunjika na kuiachia oksijeni. Kwa uzito, oksijeni ni kama asilimia 36 ya naitrasi, wakati kwenye hewa ya kawaida ni asilimia 23 tu. Kwa hiyo unachopata ni ruhusa ya kuchoma petroli zaidi. Petroli hiyo isipofika, moto unakuwa mkali kupita kiasi, injini inaanza kugonga (petroli inalipuka ovyo badala ya kuwaka kwa mpangilio), na pistoni inatoboka. Ndiyo maana nasema vifo vingi vya injini hizi vinaanzia kwenye mafuta na taimingi (wakati plagi inapotoa cheche), huku lawama zikienda kwa pistoni.

Kuna jambo jingine ambalo haliongelewi vya kutosha. Jeti ya naitrasi, yaani kitundu kinachopima gesi inayoingia, hupitisha kiasi kilekile kwa kila sekunde, injini iwe inazunguka taratibu au kwa kasi. Kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, kila silinda inavuta pumzi kama mara 42 kwa sekunde. Kwenye 2,500 ni mara 21. Maana yake, ukifungua naitrasi mapema, kila pumzi inabeba dozi mara mbili. Hapo ndipo konrodi zinapopinda. Swichi ya mizunguko, inayozuia naitrasi kabla ya 3,000 hivi na kuikata kabla injini haijafika kikomo chake, inaokoa konrodi za kiwandani kwa gharama isiyokaribia hata kidogo ya kununua mpya. Ifungwe pamoja na swichi ya pedali, ili gesi isipite mpaka mguu uwe umekanyaga mpaka mwisho.

Sasa ringi, ambako ningekaa siku nzima kama ingebidi. Ringi ya juu ina mwanya mdogo pale ncha zake mbili zinapokutana. Joto likipanda, chuma kinatanuka na mwanya unapungua. Naitrasi inaleta joto ambalo mtengenezaji wa injini hakulipigia hesabu, na ncha zikigusana ringi inakosa pa kwenda: inaukwaruza ukuta wa silinda na kung'oa kipande cha pistoni kilicho juu yake. Fundi atakuonyesha pistoni iliyokatika na kukwambia haikuwa imara. Mara nyingi ilikuwa imara, mwanya ndio uliokuwa wa injini ya kwenda sokoni.

Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha kipenyo cha silinda kwa 0.006 hivi. Silinda ya milimita 86 inakupa mwanya wa kama milimita 0.5, na maelekezo ya aliyetengeneza pistoni yako yakisema tofauti, fuata yake. Kazi yenyewe haitaki mashine. Tumbukiza ringi kwenye silinda, isukume chini kidogo kwa kutumia kichwa cha pistoni kilichogeuzwa ili ikae sawa, kisha pitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya) kwenye mwanya. Ikibana, toa ringi, sugua ncha moja kwa tupa laini ukienda upande mmoja tu, kutoka nje kuelekea ndani, ili ganda la nje lisibanduke. Rudisha, pima, sugua tena. Ukipitiliza hakuna kurudi. Kila ringi iandikwe namba ya silinda yake, maana silinda mbili za bloku moja huwa hazifanani kabisa. Ni kazi ya jioni moja ya mtu asiye na papara, na hakuna kipuri kinachokupa kinga kubwa hivyo kwa bei hiyo.

Kwa fundi wa kuchonga usibane mkono. Mwambie akague nyufa kwenye bloku, hedi na kranki kabla ya kutoza kitu kingine, kwa sababu hakuna hasara kama kulipia silinda za ovasaizi (zilizopanuliwa) kwenye bloku lenye ufa. Kama ana bamba nene la kufunga juu ya bloku wakati wa kuhoni (kusugua kuta za silinda), alitumie: bolti za hedi zikikazwa huvuta silinda na kuiondoa kwenye umbo lake la duara, na bamba hilo linamfanya achonge silinda jinsi itakavyokuwa injini ikishafungwa. Uso wa bloku na wa hedi uwe laini sana ikiwa utaweka gasketi ya chuma yenye matabaka, ambayo mimi naihesabu kuwa ya lazima ukipita nyongeza ya farasi 75 hivi. Bolti za konrodi badilisha zote, usifikirie mara mbili. Konrodi zenyewe zibaki za kiwandani mpaka namba yako ikulazimishe.

Beringi usizifunge kwa kuamini boksi. Kuna uzi laini wa plastiki, Plastigage, unaolazwa juu ya jenali ya kranki, ile sehemu ya duara inayozunguka ndani ya beringi. Unafunga kifuniko kwa spana ya toki, unafungua, na upana wa ule uzi uliobanwa unakwambia nafasi ya oili. Kwa jenali ya milimita 50, kama milimita 0.05 ndiyo mahali pa kuanzia. Usizungushe kranki uzi ukiwa ndani.

Pistoni, basi, kwa kuwa ndizo zinazopiganiwa. Zilizosubiwa zenye silikoni nyingi, ambazo magari mengi ya kawaida yanazo, ni ngumu na hazitanuki sana, lakini hazivumilii kugonga. Zinapasuka. Za fojidi zinavumilia kosa dogo la mafuta au taimingi, na hicho ndicho unachokinunua: muda wa kusikia kelele na kuondoa mguu. Ila nazo zina mambo yake. Za aloi ya 2618, ile yenye silikoni kidogo, zinatanuka zaidi, zinahitaji nafasi kubwa kwenye silinda, na asubuhi injini ikiwa baridi utazisikia zikigota. Kwa nyongeza ya farasi 50 au 60 sioni sababu ya kuzinunua. Kuanzia 100, kwenye silinda nne, ningeuza redio ya gari nizipate.

Sasa petroli. Hesabu ya haraka: kila nguvu ya farasi moja inataka karibu robo kilo ya petroli kwa saa. Injini ya farasi 120 ukiiongezea 60 inahitaji kama kilo 45, yaani zaidi ya lita 60 kwa saa, na pampu iweze kuzitoa hizo ikiwa kwenye presha yake ya kazi. Namba ya kwenye boksi mara nyingi ni ya pampu isiyo na mzigo. Kabla ya kununua pampu kubwa chukua mita, pima volti palepale kwenye pampu injini ikiwa inavuta. Kwenye gari lenye umri utakuta betri ina volti 13 na ushee huku pampu ikipata 11. Rilei moja (swichi ya umeme inayoipa pampu moto moja kwa moja kutoka betri), waya mnene na graundi safi vinaweza kukurudishia mafuta ambayo ulidhani yamekosekana kwa sababu ya uzee wa pampu. Kisha funga swichi ya presha ya mafuta inayokata naitrasi presha ikishuka. Hiyo isikose hata kwenye bajeti ya chini kabisa.

Taimingi irudishwe nyuma, yaani cheche ichelewe, kama nyuzi 2 kwa kila farasi 50 unazoongeza. Plagi ziwe baridi kwa ngazi moja au mbili, mwanya wake kati ya milimita 0.7 na 0.9. Baada ya mbio ya kwanza zima injini papo hapo bila kuiacha isinzie, chomoa plagi na uitazame kwa lenzi. Vitone vidogo vinavyometa kwenye kauri nyeupe ni aluminiamu ya pistoni yako. Ukiviona, punguza jeti ya naitrasi na rudisha taimingi nyuma kabla ya kujaribu tena, hata kama gari lilikwenda vizuri.

Mtungi nao una tabia zake. Presha yake inafuata joto: kwenye nyuzi 20 ni kama bari 50, kwenye 30 inapita bari 60, na seti nyingi zimepangwa kwa bari 62 hadi 65. Ukiuacha juani presha inapanda, naitrasi inazidi petroli, na umerudi kulekule kwenye pistoni iliyotoboka. Weka geji mahali unapoiona. Mtu anayeupasha mtungi moto kwa gesi ya kupikia simkaribii, na wewe usimkaribie. Bomba la kutolea gesi nje ya gari, endapo kizibo cha usalama kitapasuka, liwepo kabla ya mtungi kuingia kwenye buti.

Kamshafti ya mashindano, kifuniko cha vali cha rangi, kolekta ya ekzosi iliyong'arishwa, vyote nimeviacha nje kwa makusudi. Fedha zikibaki, nunua klachi, kwa sababu ya kiwandani itaanza kuteleza mara tu injini hii itakapofanya ulichoijengea.