Mfamasia akilipwa, muda atapewa na nani?

Mteja amekaa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni, mashine inanguruma. Pembeni kuna mfamasia na kipimo cha presha. Mkono unafungwa, namba inasomwa, dozi inarekebishwa palepale. Ndivyo ulivyokuwa utafiti wa Dk. Ronald Victor na wenzake wa Los Angeles, uliochapishwa 2018: vibanda vya kinyozi 52, wanaume Weusi 319 wenye presha ya kupanda. Baada ya miezi 6, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 27 kwa waliohudumiwa na wafamasia. Wale ambao kinyozi aliwahimiza tu wabadili mtindo wa maisha na kumwona daktari, ilishuka kwa 9.3.

Wanaotaka wafamasia wa Marekani walipwe na bima ya umma wana haki ya kuutaja utafiti huo. Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, hulipia dawa na chanjo. Lakini kwenye Sehemu B, inayogharamia huduma za daktari, mfamasia hayumo katika orodha ya watoa huduma. Mtaalamu wa lishe yumo. Bibi akija na mfuko wa dawa 11, mfamasia akakaa naye nusu saa na kugundua mbili zinagongana, hana ankara ya kupeleka Sehemu B kwa jina lake.

Baadhi ya majimbo hayakusubiri. California ilipitisha sheria mwaka 2016 inayoruhusu bima yake ya wenye kipato kidogo kuwalipa wafamasia kwa huduma fulani, kwa 85% ya kiwango cha daktari. Bungeni Washington, tangu 2022 umewasilishwa zaidi ya mara moja muswada wa kuifanya Medicare ilipie vipimo na tiba ya mafua, korona na koo lenye bakteria vinavyotolewa na mfamasia.

Chama cha madaktari wa Marekani, AMA, kinapinga kuwapanulia wafamasia mamlaka ya kutibu. Hoja yao kuu ni kwamba mfamasia amesomea dawa, hakusomea kutafuta ugonjwa. Koo linaloonekana la kawaida linaweza kuficha ugonjwa mwingine. Hilo si la kupuuza. Sisi tuliozoea kumwambia muuza dawa "nipe ya kifua" na kuondoka na antibayotiki tunajua linavyoishia. Ila mgonjwa wa presha hana fumbo la kufumbua: ugonjwa unajulikana, kinachokosekana ni mtu wa kufuatilia dozi. Hapo hoja ya AMA inapwaya.

Kuna hoja nyingine, kwamba anayeandika dawa asiwe ndiye anayeiuza. Ni ya kweli, ingawa haimgusi mfamasia peke yake: kwa dawa nyingi za sindano anazotoa daktari kliniki kwake, Medicare humlipa wastani wa bei ya dawa na nyongeza ya 6%. Dawa ikiwa ghali, nyongeza nayo inanenepa.

Linalonitia shaka zaidi ni jingine. Wafamasia wa Los Angeles hawakuwa nyuma ya kaunta. Walimfuata mtu alipo, wakiwa na makubaliano na madaktari na muda wa kukaa. Sasa ingia kwenye famasi ya kampuni kubwa saa kumi na moja jioni: simu imebanwa begani, foleni ndani, magari kwenye dirisha la kuchukulia dawa, mtu anasubiri chanjo. Septemba 2023 wafamasia wa CVS, kampuni kubwa ya maduka ya dawa, mjini Kansas City walisusia kazi wakilalamikia uhaba wa wafanyakazi. Ukimwongezea mtu huyu huduma mpya yenye malipo, pesa inaingia kwa kampuni iliyomwajiri, naye anabaki na mikono ileile miwili.

Kwa hiyo mimi nasema alipwe, tena kwanza kwa presha, kisukari na kukagua dawa za wazee, kabla ya hayo ya koo na mafua. Lakini malipo yafungwe na muda uliotumika na namba ya presha iliyoshuka, na famasi ionyeshe kwamba wakati mfamasia mmoja yuko na mgonjwa, kuna mwingine kaunta. Bila sharti hilo, bibi wa dawa 11 ataitiwa dirishani, aulizwe kama ana swali, na ankara itatumwa kabla hajafunga mfuko wake.