BMI 19 ya miaka 6 si ya miaka 15
Nimesoma makala inayodai eti mtoto mwenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) chini ya 25 hana tatizo la uzito. Hiyo 25 ni mpaka wa watu wazima. Hesabu ni ileile, kilo kugawanya kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita, ila jibu la mtoto husomwa kwenye chati ya umri na jinsia yake. Mvulana wa miaka 6 mwenye BMI 19 tayari ana unene uliopitiliza kwa chati za Shirika la Afya Duniani (WHO) za 2007; wa miaka 15 mwenye 19 hiyohiyo yuko sawa kabisa. Mzazi wa huyo mdogo akisoma makala hiyo atatulia bure, na hilo linaniuma sana. Wazazi wenzangu, watoto wenu walipopimwa mlionyeshwa chati, au mlitajiwa namba tu?