Anayenunua Spea ya Winchi Hasimami Chini ya Mzigo

Wiki iliyopita, katika karakana moja hapa Mbeya ambayo sitaitaja, nilikuta injini ya lori imening'inia kwenye cheni bloki, yaani winchi ya kunyanyulia kwa kuvuta cheni kwa mkono, ambayo ndoano yake ilikwisha kukatika na kuchomelewa upya, huku kijana amechuchumaa chini yake akifungua boliti. Mshono ulikuwa umesagwa na kupakwa rangi ya njano, lakini uvimbe wake bado ulionekana kwenye shingo ya ndoano. Nilipouliza, niliambiwa kwamba ndoano mpya ni ghali na kwamba hiyo inabeba tu. Jibu hilo linanikera hadi sasa.

Ndoano ya kunyanyulia hutengenezwa kwa chuma kilichopashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu, ili ikizidiwa ipinde kwanza, mdomo wake ufunguke, na watu wapate nafasi ya kuushusha mzigo na kuondoka. Moto wa kuchomelea huiharibu sifa hiyo palepale penye mshono, na kuanzia hapo ndoano inaweza kukatika ghafla bila dalili yoyote.

Cheni nayo huwadanganya wengi. Ukiingia madukani Mwanjelwa unaweza kuoneshwa cheni mbili za milimita 10 ambazo kwa macho hazina tofauti. Ile ya daraja la 80, yaani daraja la nguvu ya chuma chake, ambayo pingili zake hugongwa namba 8 au 80, inaruhusiwa kubeba tani 3.15 ikitumika wima, ikiwa cheni moja peke yake, ilhali ile ya kufungia mageti haifikii hata nusu ya uzito huo. Tena cheni ya cheni bloki ina kipimo chake cha urefu wa pingili, kwa sababu kila pingili lazima ilale sawasawa kwenye kitako chake katika gurudumu linaloivuta. Isipolala hupanda, huruka, na mzigo hushuka kwa kishindo. Kwa hiyo aliyepima unene peke yake bado hajapima.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba anayechagua spea siye anayekaa chini ya mzigo. Kule Mafinga, ambako magogo na nguzo za umeme hupakiwa mwaka mzima, kibarua anayeshika nguzo ili isizunguke haoneshwi risiti wala haulizwi iwapo cheni ni ya kunyanyulia au ya kufungia. Fedha iliyookolewa dukani inabaki kwa bosi, na hatari yote inakwenda kwa mtu anayelipwa kwa siku. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mtu huyo, lakini mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, hawezi kusimama kaunta kila spea inaponunuliwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si lazima spea itoke kwa kampuni iliyounda mtambo. Ya kiwanda kingine inafaa, mradi imegongwa uzito inaoruhusiwa kubeba na ina cheti chenye namba ileile iliyo kwenye chuma. Nakubali pia kwamba kusubiri spea kutoka Dar es Salaam huku mtambo umelala ni hasara ya kweli.

Kwa waya wa winchi wa mtumba, hata hivyo, sina la kukubali. Waya huweza kuoza kuanzia ndani, kwenye kiini, grisi inapokauka na maji kuingia, hivyo nje ukang'aa na ndani nyuzi zikawa zimekatika. Lori likianguka kwenye mlima Kitonga watu hujipanga kandokando ya barabara kutazama winchi ikilivuta, na waya ukikatika wakati umekazwa hurudi kwa nguvu ya kumkata mtu.

Wenye maduka waandike daraja la cheni na uzito wake kwenye risiti, nasi wanunuzi tukatae risiti iliyoandikwa "cheni" bila neno la pili. Wenye karakana nao, ndoano ikishakataliwa, waikate vipande viwili kwa grainda siku hiyohiyo, maana ikienda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima, itapakwa rangi na kurudi sokoni.