Kupekuliwa kwa sababu ya asili

Wanaotetea ukaguzi wa kuangalia asili ya mtu wana hoja nzito: askari ni wachache, watu ni maelfu, na muda wa kumpekua kila mmoja haupo. Kama kundi la kigaidi linaandikisha vijana wa jamii fulani, kwa nini bibi kizee wa jamii nyingine avuliwe viatu? Hoja hiyo haipuuziki. Na shahidi akieleza rangi na umbo la mtu aliyetoka mbio sasa hivi, askari ana haki ya kufuata maelezo hayo. Hapo anatafutwa mtu mmoja, kabila zima halimo.

Shida ni kwamba wapanga mashambulizi nao wanajua nani anashukiwa. Mwaka 1972, katika uwanja wa ndege wa Lod, Israel, waliochomoa bunduki kwenye mizigo yao walikuwa Wajapani watatu, kwa niaba ya kundi la Wapalestina. Watu 26 waliuawa. Mwaka 1986 pale uwanja wa ndege wa Heathrow, London, bomu la kulipua ndege ya El Al, shirika la ndege la Israel, lilifichwa ndani ya begi, sehemu ya chini, la mwanamke wa Ireland, mjamzito, asiyejua lolote. Begi alipewa na mchumba wake. Kwa sura angepita. Maswali kuhusu safari yake ndiyo yaliyowatia maafisa shaka, na begi, hata lilipotolewa vitu, likabaki zito.

Polisi wa New York walisimamisha watu mara 685,000 hivi mwaka 2011, wengi mno Weusi na Walatino. Karibu asilimia 88 waliachiwa hivi hivi. Kufikia 2015 idadi hiyo ilishuka chini ya 23,000, na mauaji hayakupanda, yalipungua.

Lakini hasara ninayoiona kubwa zaidi haihesabiki kirahisi. Novemba 2009, baba mmoja Mnigeria alikwenda mwenyewe ubalozi wa Marekani, Abuja, kuonya kuhusu mwanawe. Onyo halikufanyiwa kazi ipasavyo. Siku ya Krismasi kijana alipanda ndege ya kwenda Detroit na baruti kwenye chupi. Mzazi kama huyo ana habari ambayo hakuna mashine inayoweza kuinasa. Ukiwadhalilisha ndugu zake kwenye kila kizuizi cha ukaguzi, ukiwauliza vitambulisho huku wengine wakipungiwa mkono wapite, safari ijayo atakaa kimya, na sijui nani atamlaumu.